Kaza Nini?

Ndugu zangu, mkiona nimeshika mgongo wa kiti hiki msidhani ni woga wa kusema mbele za watu. Woga ninao, lakini kiti ni kwa ajili ya shingo. Daktari alisema nikisimama muda mrefu niwe na kitu cha kushika, na mimi siku hizi nikiambiwa jambo nalishika kama lilivyo. Mtajua kwa nini. Mchungaji amenipa nafasi, akaniomba niseme kwa ufupi. Mchungaji, wewe unanijua. Nitajaribu.

Wengi hapa Woolwich mnanijua kama yule dada wa Thornton Heath anayehudumia wazee majumbani, anayekuja ibada akisinzia. Na kuna Jumapili nyingine sikuonekana kabisa. Nilisikia kuna waliosema nimepata mwanaume. Nimewasamehe, tena wengine nawaona kutoka hapa nilipo. Heri ingekuwa mwanaume.

Nilikuwa naendesha magari ya kugongana. Waingereza wanayaita stock car. Cheka tu, dada, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Uwanja wenyewe ni mviringo wa lami, nje ya London, umezungushiwa ukuta wa chuma. Magari ni mazee. Yameng'olewa vioo na viti vyote isipokuwa cha dereva, milango imechomelewa, na ndani kuna mabomba ya chuma kama kizimba cha kuku. Unaingia kupitia dirishani. Mnazunguka, na aliye mbele yako akikuzuia unaruhusiwa kumgonga atoke njiani. Si kosa, ndio mchezo. Watu wanakuja na watoto wao, wanakula chipsi, wanasubiri kuona nani atatupwa ukutani.

Aliyeniingiza ni kaka yangu, wa tumbo moja. Sisi tumezaliwa Voi, kando ya barabara kuu, na baba yetu alikuwa fundi wa malori. Kaka alirithi mkono wa baba, mimi nikarithi mguu wake wa kukanyaga mafuta. Hapa London kaka ana gereji nyuma ya maduka ya Thornton Heath. Siku moja mteja akamwachia gari chakavu, akaamua kuliundia mashindano. Akalifunga vyuma, akalipaka rangi, akajaribu kuingia dirishani. Tumbo likakataa. Akanigeukia akaniambia, "Dada, ingia wewe. Gari hili lina injini nzuri ila bodi imechoka. Mtaelewana."

Nikaingia. Na sitawadanganya nyumbani mwa Mungu: nilipenda. Wiki nzima kazini nilikuwa mtu wa pole pole. Mnyanyue bibi pole pole, mgeuze babu pole pole, funga mlango pole pole. Kule uwanjani hapakuwa na mtu wa kuniambia pole pole. Nilikuwa napiga kelele ndani ya helmeti mpaka sauti inakauka, na Jumatatu narudi kwa wazee wangu nikiwa na subira ya malaika.

Lakini nataka muelewe jambo moja kuhusu mchezo ule. Paa la gari ndilo cheo chako. Mgeni anapakwa paa jeupe. Ukifanya vizuri unapewa la manjano, kisha la bluu, na mabingwa wana paa jekundu. Sasa, wageni ndio wanaoanza mbele na mabingwa wanaanza nyuma kabisa. Kwa hiyo hatari haiko mbele yako, iko mgongoni. Bendera ikishuka tu, wenye mapaa mekundu wanaanza kuja. Huwaoni, maana hatuna vioo vya pembeni. Unawasikia. Kila mzunguko mlio unakuwa karibu zaidi, na shingo yako inajikunja yenyewe kabla hujagongwa. Hata leo, ndugu zangu, nikiwa kwenye basi na lori likanguruma nyuma yetu, mabega yangu yanapanda.

Kinga yangu ilikuwa mkanda. Si kama ule wa gari la kawaida. Huu una kamba mbili za mabegani na mbili za kiunoni, zinakutana kifuani kwenye kifungo kimoja. Ukiwa umevaa glavu na helmeti, mkono wako haufiki vizuri kuvuta zile za mabegani. Basi kaka ndiye aliyekuwa ananifunga. Anaingiza kichwa dirishani, anavuta mpaka nalia, "Basi, kaka, basi!" Kisha anasimama wima na kugonga paa mara mbili kwa kiganja. Hiyo ilikuwa desturi ya baba. Alipomaliza kutengeneza lori la mtu aligonga bodi mara mbili, maana yake: nimemaliza, nenda salama. Mimi nisingeondoa gari kabla ya kusikia ule mlio wa mara mbili. Niliuamini kuliko macho yangu.

Mwaka hadi mwaka nikapanda. Nikatoka jeupe, nikapita manjano, nikafika bluu. Mwanamke, mweusi, mtu wa Voi, mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi! Watu walianza kunishangilia. Na mwenye paa jekundu mmoja akaanza kuniangalia.

Simtaji jina. Alikuwa mwanaume mkubwa, mkimya, mikono kama sepetu. Siku moja tulipanga foleni ya chai pamoja. Akanipisha, akanisogezea sukari, akasema taratibu, "Tutaonana kona ya mwisho." Halafu akatabasamu. Nilimuuliza kaka, ana maana gani? Kaka hakucheka. Akanieleza kwamba ni mila yao: kama ni mzunguko wa mwisho, na ni kona ya mwisho, aliye nyuma anamgonga aliye mbele kwa nguvu zake zote, kwa sababu baada ya hapo hakuna cha kupoteza. "Ndiyo heshima yao," kaka akasema. "Hawamfanyii mtu wanayemdharau."

Heshima gani hiyo? Tangu siku hiyo kila nilipokunywa chai yenye sukari niliikumbuka ile sauti.

Sasa niwapeleke kwenye Jumapili yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikakata, na mawingu yakabaki pale pale juu yetu. Gari la wagonjwa huwa linaegeshwa langoni. Siku ile matope yalizidi, wakalisogeza hadi kona ya mwisho, wakafungua milango ya nyuma wakaiacha wazi. Nililiona nikiwa nafunga kamba za viatu. Nikatazama pembeni. Mtu anapolitaka jambo sana hujifundisha kutazama pembeni.

Nililitaka paa jekundu. Kaka alikuwa ameniambia kwamba nikishinda fainali ile nitalipata, na rangi ilikuwa tayari gereji, ndani ya kopo.

Kwenye mbio za kwanza niligongwa nyuma, bomba lililo nyuma ya kiti likapinda. Kaka akalegeza kamba zangu za mabegani ili apate nafasi ya kupiga nyundo. Alipiga kweli kweli, jasho linamtoka na mvua imemlowesha. Mara wakatuita fainali. Akasema, "Ingia, nakuja," akakimbilia gari la mizigo kuchukua spana. Nikaingia, nikafunga kifungo cha kifuani, nikavaa helmeti, nikashika usukani, nikasubiri.

Paa likagongwa. Mara mbili.

Nikaondoka.

Hakuwa kaka. Alikuwa mzee mmoja wa uwanjani mwenye koti la rangi ya chungwa, ananiharakisha kwa sababu nilikuwa nimezuia wenzangu. Kwake yeye kugonga paa hakukuwa na maana yoyote, ni kama mtu anavyompiga punda matakoni. Lakini mimi ni mtoto wa baba yangu. Niliposikia paa likigongwa mara mbili nilijua nimefungwa.

Mtauliza, kwani hukuhisi mkanda umelegea? Nilihisi mabega yangu mepesi, ndugu zangu. Nikadhani ni furaha.

Tukajipanga kwenye mstari. Ndipo nikamwona kaka. Alikuwa anakimbia kando ya uzio, spana mkononi, mdomo wazi. Injini zilikuwa zinanguruma, husikii kitu, ila mdomo wa ndugu yako unausoma. Alikuwa anasema, "Kaza! Kaza!" Akakunja ngumi mbili, akazivuta chini kifuani kwa nguvu. Kaza!

Nani hapa hajaambiwa kaza? Ukikimbia mbio shuleni unaambiwa kaza. Ukiwa na mtihani, kaza. Nikamwinulia kidole gumba. Nikacheka. Nikajisemea, leo kaka amepandwa na mori.

Bendera ikashuka.

Niliendesha siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Kila nilipopita pale kwenye uzio nilimwona, ngumi zile zile, mdomo ule ule. Kaza! Nami nikaongeza. Nikizunguka tena, yuko pale pale, sasa amepanda juu ya uzio na mtu wa koti la chungwa anamvuta mguu ashuke. Kaza! Nikaongeza tena. Uso wake ulikuwa umebadilika, ndugu zangu. Haukuwa uso wa kushangilia. Niliona, lakini nilikuwa na kasi mno ya kufikiri.

Nikawa wa kwanza. Mzunguko wa mwisho. Na nyuma yangu nikasikia mlio mmoja ukijitenga na mingine, mzito, hauna haraka. Nilijua ni nani. Nilijua kona ni ipi. Niliona ile milango miwili ya gari la wagonjwa iliyoachwa wazi, ikawa inanijia.

Alinigonga. Mwili wangu ulitoka kwenye kiti kana kwamba haukuwa wa mtu.

Kisha kimya. Nilisikia tone la maji likidondoka kwenye chuma. Halafu mikono miwili mikubwa ikaingia dirishani ikashika kichwa changu, huku na huku, kama unavyoshika yai. Ilikuwa ni ile mikono kama sepetu. Alikuwa ameruka kutoka gari lake, akakimbia. Akaniambia, "Usitingishike. Niangalie mimi tu." Alikuwa analia. Alikishika kichwa changu mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika, na daktari aliniambia baadaye kwamba bila mikono ile nisingekuwepo. Mtu niliyemwogopa mwaka mzima ndiye aliyenishikia uhai wangu.

Lakini sikuwa naisikia miguu.

Kaka akaja wodini. Mimi nimelala chali, shingo imefungwa chuma, naona dari tu. Nikasikia pumzi zake. Badala ya kunipa pole, akasema, "Nilikuambia ukaze! Kwa nini hukukaza?"

Nikamwambia, "Nilikaza! Nilikaza mpaka mwisho!"

"Hukukaza, dada. Ungekaza usingekuwa hapa."

Hebu jiwekeni mahali pangu. Sihisi miguu, na ndugu yangu wa damu ananiambia ningeongeza mwendo nisingefikiwa. Nikaona moyo wake wote uko kwenye lile paa jekundu. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenimaliza. Toka." Nikasikia viatu vyake vikiondoka. Hakurudi.

Siku zikapita, miguu kimya na kaka kimya. Nikasema moyoni, miguu isiporudi nitazoea, wapo waliozoea. Ila kaka akiondoka hivi, nani atabaki London anayejua baba yangu alivyokuwa anacheka?

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja Mhindi, mkazi wa Queensbury, mzaliwa wa Kisumu. Nyonga ilikuwa imevunjika, mdomo ulikuwa mzima kabisa. Kule Kisumu marehemu mumewe alikuwa na duka la vyuma, na yeye ndiye alikaa kaunta miaka na miaka, anauza nati na misumari. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta, hakina mapambo. Usiku wa kwanza alinisikia nalia akasema, "Wewe lia, lakini lia pole pole, mimi nataka lala." Nikacheka kwa mara ya kwanza.

Jioni moja wifi yangu, mke wa kaka, akapiga simu. Mikono yangu ilikuwa dhaifu, muuguzi akaiweka simu kifuani pangu kwa spika. Wifi alikuwa ananong'ona. "Wifi, njoo uongee na kaka yako. Mimi naogopa. Hali, hasemi. Amelirudisha lile gari gereji, hataki lichinjwe kuwa vyuma chakavu. Kila jioni anaingia ndani yake."

Nikasema, "Haingii. Tumbo halimruhusu."

"Wifi, siku hizi anaingia. Amekonda hivyo. Anakaa kwenye kiti chako, gizani, anafunga ule mkanda. Anakaza, anafungua. Anakaza, anafungua. Namsikia kutoka nje. Nimeficha funguo za gari asije akaliwasha humo ndani, lakini sijui nifiche nini kingine."

Nikasema, kwa hasira bado, "Ndiyo neno lake hilo, kaza, kaza. Muache akaze."

Pale ndipo lile pazia la katikati likavutwa, na sauti kutoka kitanda cha jirani ikauliza, "Kaza nini?"

Nikasema, "Mama, hayakuhusu."

"Mimi uliza tu. Miaka mingi kijana nakuja dukani nasema, mama nipe ya kukaza. Mimi nauliza, kaza nini? Nati? Waya? Mlango? Kaza peke yake haina maana. Kaka yako nasema kaza. Kaza nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, ile dari niliyokuwa naitazama wiki zote zile ilinishukia. Niliziona zile ngumi mbili. Hazikuwa zinapigwa hewani kama za mtu anayeshangilia. Zilikuwa zinavutwa chini, kutoka begani hadi kifuani. Kutoka begani hadi kifuani!

Nikamwambia wifi, "Mpelekee simu. Sasa hivi. Mpelekee humo humo ndani ya gari."

Tukasikia hatua zake, mlango wa chuma, kisha mlio wa kifungo. Nikaita, "Kaka." Nikasema, "Kaka, siku ile pale kwenye uzio. Ulikuwa unaniambia nikaze nini?"

Akasema, "Mkanda, dada. Kamba ya begani ilikuwa inaning'inia. Nilikuwa naiona kila ukipita."

"Mimi nilidhani unasema nikaze mwendo."

Sauti aliyoitoa nilikuwa nimeisikia mara moja tu, siku tulipomzika baba. Akasema, "Kwa hiyo kila niliposema kaza, wewe ulikuwa..."

"Nilikuwa naongeza."

Tulilia wote. Wifi alilia. Mama wa Queensbury naye alilia, kisha akasema tupunguze sauti, kuna wagonjwa.

Yeye alikuwa anajiadhibu kwa sababu siku ile alichelewa kunifunga, na aliponiambia nikamdharau, ndivyo alivyoamini. Mimi nilikuwa namchukia kwa kunituma kifoni. Neno moja, letu wenyewe, tulilonyonya kwa mama. Mwingereza asingeweza kukosea hivyo hata kwa kujaribu.

Asubuhi yake kaka alikuja. Alinyoa ndevu. Hakusema mengi, alikaa akanishika unyayo, akawa ananikanda kila siku baada ya kazi, huku akinisimulia vituko vya wateja. Sitawaambia kwamba nilisimama siku ile ile. Kidole gumba cha kulia kilianza. Baadaye mguu. Baadaye niliburuzwa kwenye vyuma vya mazoezi nikilia na kutukana, Mchungaji unisamehe. Mguu wa kushoto bado unakokota. Gari tulilipeleka likapondwa, na kwa lile kopo la rangi nyekundu tulipaka mlango wa gereji.

Nawashukuru. Namshukuru mwenye mikono mikubwa, ambaye hawezi kunisikia leo lakini hunipigia simu kila siku ya mbio kuniuliza shingo. Nawashukuru wauguzi, na wataalamu wa viungo waliovumilia matusi yangu kwa lugha wasiyoijua. Wifi, uliyeficha funguo. Na ninyi mlioniletea uji wodini mpaka wauguzi wakawa wanauulizia. Mama wa Queensbury yuko kule mbele, mwenye shali ya kijani. Ameniambia amekuja kwa ajili ya sambusa tu.

Somo langu ni dogo. Sisi watu wa huku tunapenda kuambiana kaza. Mtu amefukuzwa nyumba, tunamwambia kaza. Ndoa inamtesa, kaza, dada. Hajalala siku nne, kaza tu. Tunasema kwa upendo, tunaondoka, naye anaongeza mwendo kuelekea kona yake ya mwisho. Nawaomba, ukimwambia mwenzako kaza, mwambie kaza nini. Na ukiambiwa, uliza. Usione haya. Tena kuna mikanda ambayo mkono wako mwenyewe haufiki. Lazima mwingine aingize kichwa dirishani.

Namalizia, Mchungaji, nimekuona.

Kaka amenileta leo. Ni yule karibu na mlango, anayejifanya anaangalia simu. Tangu siku ile, kila akinipeleka mahali ananifunga mkanda yeye, mtu mzima kama mimi, mpaka nalia basi. Lakini paa hakuligonga tena. Gari lolote. Hata la mteja. Aliniambia mkono unakataa.

Leo asubuhi, kule Thornton Heath, alinifunga, akasimama wima, akakaa hivyo kwa muda. Mimi nikasubiri. Na paa likagongwa, mara mbili.

Nikageuka kwanza, ndugu zangu, kwa hii shingo inayouma, nikatazama ni mkono wa nani.

Ulikuwa wake.